Usilipe hiyo ankara kabla hujasoma hapa

Usilipe! Unasema makala yako ya kuondoa kromiamu kwenye majitaka ya kiwanda cha ngozi imekubaliwa na jarida ndani ya siku nne, wamekuletea ankara ya dola 200, na unauliza ulipe kwa njia gani na michoro uipunguze vipi. Mkuu, mimi nilipita hapohapo.

Yangu ilihusu mkaa wa mifupa ya ng'ombe: kuchuja floraidi kwenye maji ya visima vya Arusha ishuke chini ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Miezi 14 maabara, nguo zinanuka mifupa iliyoungua. Kaka mmoja aliyenitangulia kwenye utafiti akaniambia, "Tuma hapa, lina ISSN, halina longolongo." ISSN! Namba hiyo ya kutambulisha machapisho hupewa hata gazeti la udaku, haisemi lolote kuhusu ubora. Na alijua. Hadi leo sijamsamehe.

Siku ya tano barua ikaja: "Makala nzuri sana, imekubaliwa." Basi. Mama yangu mzazi, anavyonipenda, angeuliza walau mifupa niliichoma kwa joto gani! Hawakuuliza hilo, wala pH, wala jaribio nilirudia mara ngapi. Kwenye Jedwali la 2, uwezo wa mkaa kunasa floraidi niliuandika kwa miligramu kwa lita badala ya miligramu kwa gramu. Kosa hilo liko mtandaoni mpaka sasa, na jina langu juu yake.

Nilipozinduka nikaomba waiondoe. Wakataka dola 300 nyingine. Nikaiandika upya, nikaituma kwenye jarida la kweli. Mhariri akaipitisha kwenye programu ya kulinganisha maandishi, akairudisha: imeshachapishwa kwingine. Na hati ya kuwaachia haki miliki nilishaisaini. Data zile zikafia hapo.

Shika hili: kabla hujaona maswali ya wahakiki, yaani wataalamu wanaoikagua makala kabla haijachapwa, usisaini, usilipe. Kwenye jarida kama AIChE Journal, la uhandisi kemikali, lililoanza 1955, mhariri anaweza kukukatalia mapema, lakini akiipeleka kwa wahakiki utahojiwa kila namba, na ni suala la miezi. Fungua orodha yako ya marejeo: makala ulizozitegemea zilichapwa wapi? Anzia huko.

Hati ya haki miliki wameshakutumia? Umeisaini? Jibu hapa leo, kabla hujaenda benki.