Maswali ya Wasomaji: Magari ya Mbio, Jua la Ziwani na Vumbi

Barua nyingi za safari hii zimetoka Mwanza na miji ya kando ya ziwa, na karibu zote zinalalamikia mwanga. Tumechagua tano.

Shikamooni wataalamu. Napiga picha za magari ya rali jioni, huku Nyegezi. Nikielekeza kamera upande wa ziwa, gari linatoka jeusi tii. Nikiongeza mwangaza, anga lote linaungua, linabaki jeupe tupu. Kamera yangu ni mbovu?
*Msomaji, Nyegezi*

Marahaba. Kamera yako ni nzima. Kipima mwanga chake kinaangalia fremu yote, na hapo nusu ya fremu ni anga na maji yanayometameta. Kinaona mwanga umezidi, kinapunguza, na gari ambalo ubavu wake uko kivulini linabaki giza. Tofauti kati ya anga lile na ubavu ule inaweza kufika hatua nne au zaidi (kila hatua ni mwanga mara mbili), kwa hiyo chagua unachotaka kuokoa kabla gari halijafika.

Ukitaka gari lionekane rangi zake na namba ya mlangoni, weka kamera kwenye M, yaani urekebishe kila kitu mwenyewe. Dakika 40 hivi kabla ya jua kuzama, anza na ISO 800 (wepesi wa sensa kupokea mwanga), f/4 (ukubwa wa tundu la lenzi; namba kubwa ni tundu dogo) na shata ya 1/800 ya sekunde. Anga litaungua kidogo, liache. Ukitaka umbo la gari jeusi juu ya anga la machungwa, usiguse kingine chochote, shusha ISO kutoka 800 hadi 100. Hizo ni hatua tatu kamili. Katika picha ya namna hii gari lazima lionekane ubavu na lisimezwe na kichaka au jabali lililo nyuma yake, la sivyo utapata bonge jeusi lisilo na sura.

Jaribio usilifanye kwa mshindani wa kwanza. Kabla ya mbio hupita magari ya kukagua njia, yale yenye namba 00 na 0. Hayo ndiyo ya kupimia. Piga, angalia histogramu (grafu ya mwangaza wa picha), rekebisha. Toa pia filta ya UV mbele ya lenzi, maana jua likiingia moja kwa moja filta hiyo huzaa madoa ya mwanga, na ufute kioo cha lenzi vizuri. Chembe ya vumbi isiyoonekana mchana hung'aa jua likiwa mbele yako.

Ujue pia muda ulio nao. Huku kwetu karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Mwanza linazama kati ya saa 12:35 na saa 1:10 jioni kutegemea mwezi. Novemba huwahi, Februari huchelewa. Likishazama una dakika kama 20 tu za mwanga wa maana. Kwa hiyo katika nusu saa ya mwisho angalia mwangaza upya kila baada ya magari mawili matatu.

Kuna njia nyingine ambayo sisi tunaipenda zaidi: vuka barabara. Mwanza ziwa liko magharibi, hivyo ukisimama upande wa ziwani jioni, jua linakuwa mgongoni kwako na gari linapata mwanga wa dhahabu usoni. Na pale usipoweza kuvuka, tafuta sehemu yenye jabali kubwa jeupejeupe nyuma yako. Majabali yetu ya itale yakipigwa na jua la chini hurudisha mwanga kwenye ubavu wa gari ulio kivulini, na picha inabadilika kabisa bila fleshi.

Mimi shida yangu ni mchana. Napiga kwa 1/1000, picha kali kabisa, lakini gari linaonekana limeegeshwa. Nikashusha shata hadi 1/60, kamera ikaenda f/22, picha zikawa laini na zina vidoa vyeusi angani.
*Msomaji, Buhongwa*

Tufanye hesabu kidogo. Gari la kilomita 100 kwa saa linakwenda karibu mita 28 kwa sekunde. Tairi lenye mzingo wa mita 2 linazunguka mara 14 hivi kwa sekunde. Kwa 1/1000 tairi limegeuka nyuzi 5 tu, ndiyo maana rimu inaonekana imesimama. Kwa 1/125 linageuka nyuzi 40, na kwa 1/60 nyuzi 83, pungufu kidogo ya robo mzunguko. Hapo ndipo mwendo unapoonekana.

Ulaini ule wa f/22 si wa lenzi mbovu. Tundu likiwa dogo mno mwanga hupinda kwenye kingo zake na ukali wa picha hupotea. Vile vidoa ni vumbi lililokaa kwenye sensa, nalo huonekana zaidi tundu linapozidi kuwa dogo. Dawa ni filta ya ND8, kioo cha kijivu kinachokata hatua tatu za mwanga. Jua la saa 6 mchana na ISO 100, shata ya 1/60 inakudai karibu f/22. Ukivaa ND8 unarudi karibu f/8, ambako lenzi nyingi ziko vizuri. Kama huna ND, filta ya polaraiza itakukatia hatua moja na nusu hadi mbili, na itapunguza mng'ao wa kioo cha mbele mpaka dereva na msoma ramani waonekane. Faida mbili kwa filta moja.

Sasa mikono. Simama mita 20 hadi 30 kutoka barabarani na lenzi kama ya 70-200mm, mahali gari litakapopita ubavu kamili mbele yako. Elekeza miguu pale utakapopigia, si pale gari linapotokea, kisha zungusha kiuno kwenda kulipokea. Lishike mapema, lifuate, bonyeza likikaribia katikati, na usisimame ukishabonyeza. Wengi hugandisha mwili mara shata inapolia, na picha za mwisho zote zinatikisika. Chagua alama moja ya kufuata, mfano namba ya mlangoni au kioo cha pembeni, na nukta ya fokasi isibanduke hapo. Anza na 1/250, shuka 1/125, halafu 1/60. Ukikaribia mno na lenzi pana, pua na mkia wa gari vitakwenda kwa mwendo tofauti machoni pa kamera, na kimoja kitatoka na ukungu hata ufanyeje.

Jambo jingine la mchana ni mazigazi juu ya lami. Ukipiga kutoka mbali saa 7 mchana na lenzi ya 400mm, gari litatoka limeyeyuka. Hakuna lenzi wala programu inayoponya hilo. Sogea karibu, au upige kabla ya saa 4 asubuhi.

Barabara za huku ni vumbi tupu. Fokasi inashika vumbi badala ya gari. Nifanyeje?
*Msomaji, Kisesa*

Kwanza upepo. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara. Ukisimama upande wa ziwani alasiri, vumbi linapelekwa mbali nawe. Ni upande uleule tuliomshauri msomaji wa Nyegezi kwa ajili ya jua, kwa hiyo alasiri ya Mwanza hapo ndipo pa kusimama kama njia inaruhusu.

Pili, gari linaliacha vumbi lake nyuma. Lipige likija kwako, si likiondoka. Weka fokasi ya kuendelea (AF-C, au AI Servo kwa Canon), tumia kundi dogo la nukta za katikati, na uiambie kamera isihamie upesi kwenye kitu kingine: kwenye Canon shusha wepesi wa ufuatiliaji hadi -1 au -2, kwenye Nikon panda hadi 4 au 5. Vumbi likizidi, fokasi mapema kwenye jiwe lililo pale gari litakapokata kona, zima fokasi ya kujiendesha, na usubiri.

Usibadilishe lenzi hapo. Kamera ikiingia vumbi, ipulize kwa pampu ya mpira. Mdomo hutia mate. Kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2019, kofia ya kuogea inafunika kamera vizuri na lastiki yake inabana kwenye lenzi.

Na hili tunalisema kwa uzito: vumbi la gari la kwanza likiwa halijatua, dereva wa pili hakuoni. Usisimame nje ya kona wala kwenye njia ya kutorokea gari likishindwa kukata. Panda juu, rudi nyuma, na msimamizi akisema ondoka, ondoka.

Nina simu tu. Naweza?
*Msomaji, Magu*

Unaweza. Zima HDR, maana simu huunganisha picha kadhaa na gari linatoka na kivuli cha pili. Kidole ukikandamize kwenye barabara pale gari litakapopita mpaka fokasi na mwangaza vifungwe, kisha piga mfululizo. Kama simu ina hali ya Pro, anza na 1/500. Usivute kwa zumu ya kidijitali; kata picha baadaye.

Giza likianza kuingia, taa za magari zinaharibu kila kitu. Picha nyeusi, taa tu ndizo zinaonekana. Na baadhi ya picha taa zimezimika wakati zilikuwa zinawaka!
*Msomaji, Musoma*

Taa zikikuelekea, kipima mwanga hudanganyika zaidi kuliko kwa jua. Rudi kwenye M na upime barabara kabla gari halijatokea. Dakika 15 baada ya jua kuzama, ISO 6400, f/2.8 na 1/250 ni mahali pazuri pa kuanzia. Usiogope chengachenga za ISO kubwa. Picha iliyopigwa giza kisha ikaangazwa kwenye kompyuta hutoka na chengachenga mbaya zaidi kuliko ile iliyopata mwanga wake palepale. Piga RAW, yaani faili ghafi ya kamera. Fleshi usimmulike nayo dereva anayekuja.

Usimame pembeni, taa zisikutazame moja kwa moja, na ulipige gari linapoanza kugeuka: mwanga wa taa unaangukia kona na vumbi, na boneti inaonekana. Taa zinazozimika ni za LED. Nyingi huwaka na kuzima mara nyingi kwa sekunde bila jicho kujua, na shata ya kasi hudaka ule wakati wa kuzima. Shuka hadi 1/125 au chini. Kama kamera yako ni ya aina isiyo na kioo cha ndani (mirrorless), tumia shata ya mekaniki. Ile ya kielektroniki husoma sensa mstari kwa mstari, na magurudumu hutoka yamepinda kama mayai.