Kabla hujaamini mstari mmoja

Jumanne usiku dada mmoja anayesoma makala zangu alinitumia ujumbe: "Dada shikamoo. Nimepitisha siku nne. Nimeweka chumvi kwenye mkojo imetoa povu jingi, lakini kipimo cha mimba cha dukani kimetoa mstari mmoja, yaani sina mimba. Niamini kipi?"

Nilikuwa nimeshazima taa. Niliinuka nikakaa kitandani, moyo unanidunda, kwa sababu mwaka 2019 huyo dada nilikuwa mimi.

Tulikuwa na miaka mitatu ya ndoa. Wewe unayetafuta mtoto unaijua ile salamu ya watu ambayo macho yanashukia tumboni kabla mdomo haujafunguka. Siku zangu zilitakiwa zije tarehe 14. Tarehe 12 sikuweza kungoja tena. Nilipima usiku, baada ya kunywa maji kutwa nzima kwa joto la Morogoro, nikamulika kile kijiti kwa tochi ya simu. Mstari mmoja. Kesho yake nikanunua kingine, mstari mmoja. Jirani akanifundisha ya chumvi: kikombe cha plastiki, mkojo, kijiko kimoja, subiri. Povu likapanda, nikalia kwa furaha. Kisha nikamwomba mume wangu naye aweke mkojo wake kwenye kikombe kingine. Povu lilelile.

Tarehe 15 nikaona damu kidogo, ya rangi ya kahawia, ikaniachia siku ya pili. Mimi hutoka damu siku tano, nyekundu. Sikujiuliza. Nilisema ndiyo hizo zimekuja, nikafuta machozi, nikaendelea na biashara.

Nilipoanza kuchoka na kusikia kizunguzungu nilikwenda duka la dawa. Muuzaji akanipa dawa ya malaria bila kunipima malaria, bila kuniuliza kama nimepitisha siku. Nikameza. Mpaka leo nikikumbuka vile vidonge kifua kinabana.

Wiki tatu baada ya ile damu ya kahawia nilikuwa nafua. Maumivu yakanishika chini ya tumbo upande wa kulia, makali kama nimechomwa, yakapanda mpaka begani. Beseni likamwagika, nikabaki nimeshika ukuta. Hospitalini daktari aliniuliza, "Mama, una mimba?" Nikamjibu kwa uhakika kabisa: "Sina, nilishapima." Jibu hilo ndilo linaloniuma kuliko kidonda. Ultrasaundi ilionyesha mimba imetunga nje ya kizazi, kwenye mrija unaopitisha yai kwenda kwenye kizazi, na mrija umeshapasuka. Ilikuwa ya wiki saba. Nilipasuliwa usiku huohuo, mrija wa kulia ukaondolewa.

Sasa nisikilize, dada yangu. Kipimo cha mkojo hakitafuti mtoto, kinatafuta homoni ya mimba iitwayo hCG. Mwili huanza kuitengeneza homoni hiyo baada ya yai lililorutubishwa kujishikiza, na hiyo huwa kati ya siku 6 na 12 baada ya yai kupevuka. Ikianza ni kidogo sana, halafu kwenye mimba inayokwenda vizuri inaongezeka karibu mara mbili kila baada ya siku mbili tatu. Kwa hiyo ukipima kabla siku hazijapita, kipimo kinaweza kukuambia huna na kumbe unayo. Ukinywa maji mengi, mkojo unakuwa mwepesi na homoni inapotelea humo. Mimba ya nje ya kizazi nayo mara nyingi homoni yake hupanda polepole, kwa hiyo mstari wa pili unaweza kuchelewa au kufifia. Chumvi, sukari na dawa ya meno haviijui homoni. Viache jikoni na bafuni.

Dalili nazo usizitegemee peke yake. Matiti kuuma, uchovu, kwenda haja ndogo mara kwa mara: nilikuwa nazipata kila mwezi kabla ya hedhi, bila mimba yoyote. Kichefuchefu kwa wengi huanza kwenye wiki ya sita hivi. Ukikisubiri kichefuchefu, umeshachelewa.

Mwaka 2021 nilipitisha siku tena. Safari hii nilijifunga kibwebwe nikangoja wiki nzima. Saa kumi na moja alfajiri, mkojo wa kwanza, kabla ya kunywa hata tone la maji. Nilikaa na saa mkononi, dakika tano kama pakiti ilivyosema, kwa sababu ukikisoma kipimo baada ya nusu saa unaweza kuona kivuli cha mstari ambacho si mstari. Wa pili ulitokea, mwembamba kama alama ya penseli iliyofutwa. Mwembamba ni mstari! Nilirudia baada ya siku tatu, ukawa umekoza. Nikaenda kliniki, nikaanza foliki asidi, vitamini inayolinda uti wa mgongo wa mtoto, maana huo hujifunga kwenye wiki ya nne tangu mimba itunge, wakati wengi wetu bado tunabishana na kijiti. Nikaomba ultrasaundi tuone imekaa wapi. Imekaa ndani. Binti yangu leo anajua kuandika jina lake.

Kwa hiyo ngoja siku zipite, pima alfajiri, mstari ukiwa mmoja na hedhi haijaja rudia baada ya siku tatu hadi wiki. Ukizidi kuwa na shaka, omba kipimo cha damu, hicho huiona mimba mapema zaidi. Ukienda kununua dawa yoyote, sema mwenyewe kabla hujaulizwa: nimepitisha siku. Na maumivu ya upande mmoja, damu isiyoeleweka, kizunguzungu au bega kuuma, usiyalalie. Usimsubiri mume arudi safari, usimuulize jirani. Nenda hospitali usiku huohuo na uwaambie siku zako za mwisho zilikuwa lini.

Yule dada nilimjibu hayo hayo, nikamsihi arudie baada ya siku tatu, na alfajiri hiyo asinywe kitu mpaka apime. Ijumaa asubuhi amenitumia picha: mistari miwili, wa pili umefifia. Nimempigia, tumelia wote. Nimemuuliza mara tatu kama kuna upande unaomuuma, amesema hapana. Jumatatu anakwenda kuonana na daktari.