Maswali na majibu: Kilwa Kisiwani, chokaa na wapanda kuta

Ile ngome ya Wareno pale Kilwa Kisiwani, wageni huruhusiwa kuingia ndani? (Msomaji, Morogoro)

Ya Wareno, tena! Wareno walijenga ngome yao mwaka 1505 na kufikia 1512 walishaondoka. Gereza, ndilo jina la ngome mnayoiona leo, sehemu kubwa ni kazi ya Waomani ya karibu mwaka 1800, juu ya mabaki ya ile ya kwanza. Ndiyo, mtaingia, mkiwa na mwongozaji.

Kwa nini lisipigwe plasta ya saruji na kuezekwa bati, tukaacha kutia viraka kila mwaka? (Msomaji, Dar es Salaam)

Swali hili huletwa kwangu na watu wanaojenga nyumba, na wote wanaiamini saruji kama dawa ya kila kitu. Kuta za Kilwa ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Chokaa hupitisha unyevu. Mvua ikiingia, jua litaitoa. Ukiziba kwa saruji, maji na chumvi ya bahari hukwama ndani, jiwe linageuka unga huku plasta ikionekana nzima, mpaka siku inabanduka na uso wote wa ukuta. Mkikuta mafundi kazini, simameni mtazame. Fundi anakwangua kiungo cha chokaa kilichokufa kati ya mawe, anakisafisha kwa brashi, analowesha jiwe, anasindilia chokaa kidogo kidogo, kisha anafunika kwa gunia bichi isije ikakauka haraka ikapasuka. Ni kazi ya polepole, na haina picha nzuri ya uzinduzi. Ndiyo maana wakubwa wengine hawaipendi.

Bati ndiyo kabisa tusizungumze. Niko radhi nione nusu ukuta wa karne ya 14 kuliko kasri zima la mwaka jana. Na nyie wenye nyumba za kale Bagamoyo na Lamu, mnaopiga saruji chumba kimoja kimoja mkidhani hatuoni: tunaona.

Naweza kupanda ukutani nipige picha ya machweo? (Msomaji, Arusha)

Hapana. Na jina lako liandike kwenye daftari la wageni, si kwenye jiwe.

Mbona sehemu nyingine zimezungushiwa kamba, na kiingilio tumelipa kamili? (Msomaji, Dodoma)

Kiingilio hakishikilii ukuta. Desemba 25, 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la Unguja, iliporomoka ukarabati ukiendelea, watu wawili wakafa. Mwongozaji akisema mwisho ni hapa, rudi.

Nasikia UNESCO wameiondoa Kilwa. Kuna haja ya kwenda? (Msomaji, Mombasa)

Someni habari mpaka mwisho, jamani. Kilwa Kisiwani na magofu ya kisiwa jirani cha Songo Mnara ziliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, zikawekwa kwenye orodha ya hatari 2004, zikatolewa kwenye orodha hiyo 2014. Kutolewa hatarini ni habari njema. Lakini bahari haisomi orodha: imeshakula upande wa Gereza unaoielekea, na anayekata mikoko ya ufukweni anaisaidia kula.

Tuna asubuhi moja tu. Gereza linatosha? (Msomaji, Lindi)

Halitoshi. Pitieni Msikiti Mkuu na kuba zake, kisha mwende hadi Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye msafiri Ibn Battuta wa Morocco alimkuta mwaka 1331 na kumsifu kwa ukarimu. Lina vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane karibu na ukingo wa bahari. Waongozaji wengine watawapa hadithi tamu za waliooga humo; sikilizeni, kisha waulizeni wamejuaje.

Kibali tunakipata wapi? (Wengi)

Kilwa Masoko, kabla ya kupanda boti. Bei siandiki, hubadilika. Ulizeni nahodha maji ya bahari yanakupwa saa ngapi, na mvae viatu ambavyo hamtavililia vikiloa.