Miaka 15 kwenye umeme, urudi chuo au upige kozi fupi? Jibu langu

Mkuu umesema una miaka 15 kwenye vituo vya kupoza umeme, sola na betri zinaingia kila kona na unaona unaachwa, sasa unauliza usome masta au upige kozi fupi fupi. Mimi nina miaka 22 kwenye protekisheni, yaani mifumo ya kukata umeme pakitokea hitilafu, ngoja nikwambie kilichonikuta.

Kuna siku laini inayotoka kwenye mtambo wa sola ilipigwa shoti. Relei (kifaa kinachogundua hitilafu na kuamuru umeme ukatwe) ya upande wa gridi ikakata vizuri tu, ya upande wa sola ikakaa kimya, mpaka kinga ya volti kushuka ndo ikaja kukata baadae. Setingi nilipiga mimi. Nikachomeka laptopu nikavuta rekodi, nategemea mawimbi ya mkondo yawe yamepaa juu kama nilivyozoea miaka yote, nakuta yamepanda kidogo tu, kama mara 1.2 ya mzigo kamili. Nikahisi CT, kile kifaa kinachoipimia relei mkondo, imekufa, nikaipima, nzima kabisa.

Jenereta la kuzunguka likipigwa shoti linamwaga mkondo hata mara 5 au 6 ya uwezo wake. Inveta, ile inayogeuza umeme wa sola kuwa AC ya gridi, haifanyi hivyo, transista zake zitaungua, kwa hiyo programu yake inabana mkondo, kwa kawaida kati ya mara 1.1 na 1.5 hivi. Mi relei nilikuwa nimeiambia ianze kuhesabu kwenye 1.5, ingeonaje? Hesabu za chuo hazikuwa na kosa, zilikuwa za mashine nyingine.

Ndo maana nasema usikimbilie cheti kabla hujajua pengo lako liko wapi. Nilikuwa nimeshahudhuria semina kibao za nishati jadidifu na hakuna hata moja iliyogusa hili, zilikuwa slaidi na picha za paneli. Kilichonisaidia ni kozi ya siku 5 ya inveta zinavyodhibitiwa, nikaenda na ile rekodi yangu mkononi nikamuuliza mwalimu maswali mpaka wenzangu wakaondoka.

Pengo la pili ni mtandao, na hili naona linawatesa wengi wa umri wetu. Zamani amri ya kukata breka ilipita kwenye waya, unaweka multimita unaona volti. Kwenye kituo cha IEC 61850, yaani kiwango cha mawasiliano ya vifaa vya vituo vya umeme, amri ni ujumbe unapita kwenye fiba, na ile ya haraka inatakiwa ifike ndani ya milisekunde 3 au 4, multimita haina cha kupima pale. Aliyenifundisha ni kijana wa IT, tulikaa na Wireshark, programu ya kunasa data za mtandao, jioni kama wiki tatu tunanasa ujumbe mmoja mmoja huku nachomoa kebo kuona relei inalalamikaje, na sikuona aibu kumuuliza VLAN ni nini.

Masta ni nzuri ukitaka kuhamia upangaji wa gridi au utafiti, kule hesabu nzito za uthabiti unazihitaji kweli. Ila kama unabaki kwenye vituo, muombe bosi akupeleke kwenye majaribio ya kiwandani ya mradi unaokuja, kabla panel za relei hazijafika saiti, pale mnaruhusiwa kuharibu na mafundi waliozitengeneza wako pembeni yako. Na wiki hii fungua rekodi ya hitilafu ya mwisho hapo kituoni kwenu, pitia wimbi moja moja, pale utakaposhindwa kueleza kwa nini limekaa vile ndo kozi yako ya kwanza ilipo. Ukikwama weka hapa tuangalie wote.