Shangazi, nimehitimu na nyumbani kwangu hakuna aliyenipa hongera

Mwalimu mmoja wa Muheza ameniandikia kurasa nne. Ana miaka 36, anafundisha darasa la kwanza, mume wake anafanya biashara ya machungwa, na mama mkwe anaishi nao. Nafupisha maneno yake:

"Shikamoo Shangazi. Mwaka huu kila jema lililonipata nimelisherehekea peke yangu. Nimehitimu shahada Chuo Kikuu Huria, mume wangu hakuja kwenye mahafali, akasingizia homa ya mtoto. Barua ya kupanda daraja nilimwonyesha, akasema 'Alhamdulillahi', akarudi kwenye daftari lake la machungwa. Wenzangu shuleni waume zao wanawaweka status, mimi hata keki nilikatiwa na walimu wenzangu. Kilichonimaliza ni hiki: mtoto wetu wa miaka sita amesoma kwa mara ya kwanza maishani mwake, amesoma maandishi ya kanga ya bibi yake, 'Wema hauozi', wakashangilia jikoni wao watatu. Mimi niko sebuleni nasahihisha. Hakuna aliyeniita, mimi ninayefundisha watoto wa watu kusoma! Mama mkwe amenipora mtoto. Nimeshajaza maombi ya uhamisho kwenda Tanga mjini, niondoke na mwanangu. Je, nimekosea?"

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kazi. Unasema darasani kwako wamo watoto 118, na mimi naamini, maana tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 watoto wamejaa madarasani na mwalimu ni yule yule mmoja. Azimio la kazi, andalio la somo, zamu, madaftari mia na zaidi kila jioni. Umechoka, na hongera yako ya shahada nakupa mimi leo, kwa moyo mmoja.

Sasa tuseme ukweli. Umekosea, na umekosea pakubwa.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nimeisoma na kalamu mkononi kama unavyosoma wewe daftari za wanafunzi. Unasema mume wako "alisingizia" homa. Ukurasa wa pili, wewe mwenyewe, unaandika kwamba uliporudi kutoka mahafali mtoto alikuwa bado anamalizia dawa mseto ya malaria. Mwanangu, dawa mseto hapewi mtoto wa kusingiziwa. Dozi ile ni siku tatu, asubuhi na jioni, na mtoto akitapika unaanza kuhangaika upya. Wakati wewe umevaa joho unapigwa picha, kuna mwanamume alikaa kitandani na kijiko mkononi anambembeleza mtoto ameze. Huo ndio uongo unaomshitakia?

Ukurasa wa tatu kuna maneno umeyafungia kwenye mabano, kama mtu anayeficha kitu chini ya mkeka: "(ingawa ada ya mwaka wa mwisho alisaidia, aliuza pikipiki)". Alisaidia! Mfanyabiashara wa machungwa anayezunguka mashambani Muheza, pikipiki ndiyo miguu yake. Ndiyo inayomfikisha shambani kabla ya mnunuzi mwingine, ndiyo inayomwahisha lori lisiondoke bila mzigo wake. Ameuza miguu yake upate shahada, na sasa anakwenda kwa baiskeli. Wewe unamdai status.

Na kuna jambo jingine, hili lilinifanya niweke barua chini. Mwanzo unaandika mtoto ana miaka sita. Mwishoni, ukimlalamikia mama mkwe kwamba anamdekeza, unasema mwezi Machi alimpikia vitumbua kwa kutimiza miaka saba. Mwalimu, mtoto wako ana miaka mingapi? Bibi yake anaijua.

Sikwambii haya kukuumiza. Nakwambia kwa sababu naona wanawake wengi wenye bidii wanapotea kwenye njia hii hii. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya 1992 ili watu kama wewe wasome bila kuacha kazi, na ni neema kubwa kwa nchi hii. Lakini usipoacha kazi na ukaongeza masomo, kuna kitu lazima umwachie mtu. Wewe ulimwachia nyumba mama mkwe. Jumamosi ukienda kituo cha Tanga kwenye mitihani, nani alimwogesha mtoto? Usiku ukiandika kazi zako za chuo, nani aliyekuwa naye mgongoni? Shahada ile imebebwa na watu watatu, na mikono iliyobeba mzigo haipigi makofi. Iko kazini.

Ndoa za siku hizi zimeingiliwa na ugonjwa wa kudai pongezi. Mtu anapima mapenzi kwa picha, kwa keki, kwa maneno matamu yanayowekwa kwenye simu wayaone majirani. Mume anayebandika picha ya mkewe leo, kesho hajui bei ya unga, huyo ndiye anaitwa mume bora. Yule aliyekaa kimya akauza kitu chake anaitwa baridi. Mabinti zetu, tazameni mtu anafanya nini mnapokuwa na shida. Kwa wakubwa wangu wa Pangani kulikuwa na mwanamume hajawahi kumwambia mkewe neno zuri mbele za watu, lakini maji ya kisima hakuacha mke ayateke hata siku moja, miaka arobaini. Tulipomzika, yule bibi alilia mpaka sauti ikakauka.

Halafu wewe ni mwalimu, na ualimu una mtego wake. Asubuhi ukiingia darasani watoto mia na kumi na nane wanasimama: "Shikamoo mwalimu!" Siku nzima unasimamiwa. Ukifika nyumbani hakuna anayesimama, unaona umedharauliwa. Naujua mtego huo kwa sababu nimeolewa na mwalimu. Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, mmoja wa wale waliotoka darasa la saba wakakabidhiwa madarasa huku wakijifunza ualimu kwa redio na kwa posta. Siku alipopanda kutoka Daraja la IIIC kwenda IIIA alinuna wiki nzima kwamba sikushangilia. Nilikuwa karoni nafua mashati yake meupe. Kila shati lilikuwa na vipande vya chaki mfukoni, na mimi nilivitoa kimoja kimoja nikaviweka kwenye kopo dirishani visipotee, maana shuleni kwao chaki zilikuwa haba. Alipoliona lile kopo alikaa chini akanyamaza. Kununa kukaisha.

Tuje kwa mtoto na kanga. Unasema hakuna aliyekuita. Lakini umeandika pia kwamba sheria ya nyumba ni moja: ukiwa unasahihisha, asikusemeshe mtu. Waliitii. Unasema pia ulipomwambia akusomee wewe alikataa kabisa. Ulifanya nini huko nyuma alipojaribu kukusomea? Umeliandika mwenyewe: "nilimrekebisha". Wewe ni mtaalamu wa KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, kuliko mimi, unajua mtoto anayeunga silabi anahitaji mtu wa kumsikiliza. Bibi hajui kusoma. Mtoto akimaliza neno, bibi anashangaa kweli, anauliza, "Kumbe ndivyo ilivyoandikwa? Miaka yote najifunga nayo sijui." Pale mtoto ni mwalimu. Kwako amebaki mwanafunzi wa mia na kumi na tisa. Mama mkwe hakupora mtu. Amemwanzishia mwanao kusoma bila kujua herufi hata moja, na wewe mwenye shahada ungekwenda kumshika mkono.

Kosa la mume wako ni moja dogo: siku ile ya kanga angeweza kugonga mlango wa sebule, sheria au si sheria. Mwambie hivyo, kwa upole, yaishe.

Uhamisho futa leo kabla haujapita. Ukienda mjini na mtoto wa miaka saba, madaftari yatakufuata, na bibi hatakuwepo. Jioni usahihishe shuleni mpaka saa kumi na moja, yanayobaki yabaki, nyumbani usiyaingize. Kwa ile nyongeza ya mshahara ya daraja jipya, kabla hujafikiria kiwanja ulichonitajia, anza kuweka fedha ya pikipiki, na mume wako umwambie ni ya nini. Jumamosi hii nenda sokoni umnunulie mama mkwe doti ya kanga. Chagua yenye maneno marefu kidogo. Mpe mkononi, mpigie magoti kama ulivyofunzwa kwenu, kisha ukae jikoni kwenye mbuzi ukune nazi, mdomo umefungwa, mtoto asome mwenyewe. Akikosea silabi, mwache bibi yake aulize.