Aksida kazini, na raporo imeshaandikwa "uzembe"

SWALI: Yaya, jambo sana. Mi niko delege wa sendika kwa kiwanda kimoja cha kusaga mawe huku Kampemba, Lubumbashi. Mwenzetu mmoja mkono wake ulivutwa na mkanda wa mashini wakati anaondoa mawe yaliyonasa, vidole viwili vimeenda. Hata hatujakaa kuchunguza, shefu ameshaandika "uzembe wa mfanyakazi" na watu wanasema hatalipwa kitu juu kosa ni lake. Mimi ni kati ya wale wanatakiwa kuchunguza, nianzie wapi?

JIBU: Pole sana ndugu, na umfikishie pole mwenzenu. Nianze na malipo maana naona ndiyo yanawanyima watu usingizi. Sheria ya usalama wa jamii ya 15 Julai 2016 inahesabu aksida ya kazi kuwa ile inayompata mtu kwa ajili ya kazi au akiwa kazini, awe na kosa au asiwe nalo, labda kama amejiumiza kwa makusudi. Kwa hiyo neno uzembe halimfungii mlango kule CNSS, ile kesi ya taifa ya usalama wa jamii (Caisse Nationale de Sécurité Sociale). Ila kompani lazima itangaze hiyo aksida, CNSS na kwa enspekta wa kazi pia, na wewe uombe kopi, usikubali kuambiwa "tumeshatuma".

Sasa uchunguzi. Nenda pale pale kwenye mkanda kabla hawajaosha na kutengeneza, piga picha, angalia kizuizi cha kukinga mikono na mkanda kiko wapi na swichi ya kuzimia iko umbali gani, chukua na daftari la matengenezo. Mashahidi uwaone mmoja mmoja, shefu asiwepo, uwaache waongee kwanza. Halafu uliza "juu ya nini?", yaani kwa nini, na jibu likija uliulizie tena "juu ya nini?", ndiyo njia wanayoitumia Toyota toka zamani, wao wanasema mara tano lakini usihesabu, endelea mpaka ufike kwa kitu ambacho kompani inaweza kubadilisha. Juu ya nini mkono ulifika pale? Kizuizi kilikuwa kimetolewa? Nani alitoa, lini, na kwa nini hakuna aliyekirudisha? Kwa nini mashini haikuzimwa, au kuisimamisha kunaleta matusi juu ya tani?

Swali ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote: timu zingine zinaondoaje mawe yakinasa? Kama wote wanaingiza mkono mkanda ukitembea, basi ndivyo kazi inavyofanyika hapo na mabosi wanaona kila siku, huwezi kumbebesha kosa mtu mmoja.

Mwisho wa raporo msiandike "wafanyakazi waongeze uangalifu", hiyo haizuii chochote. Andikeni kizuizi ambacho kikifunguliwa mkanda unasimama wenyewe, kufuli kwenye swichi, na anayeingia kusafisha abaki na ufunguo mfukoni mwake. Kila kitu kiwe na jina la atakayekifanya na tarehe. Shefu akikataa kufuta lile neno lake, andika maoni yako pembeni, weka sahihi, mpelekee enspekta.