Mtoto anayependa sarafu za zamani: anzeni na zilizo nyumbani, bei ikae kando

Dada uliyeuliza kuhusu kijana wako wa miaka minane ambaye hataki kuachana na kopo la sarafu la bibi yake, aanzie wapi na kama zina bei: nimekusanya sarafu na wanangu na watoto wa ndugu zangu hapa Tanga, kwa hiyo naomba nikujibu kwa kirefu.

Bei isiwe jambo la kwanza analosikia. Mtoto akishaambiwa kwamba sarafu fulani ni ya hela nyingi, zilizobaki anaziona takataka. Mimi naanza na chenji ya siku hiyohiyo. Mwagia sarafu mezani umwache azigeuze. Mia ina Mwalimu Nyerere na swala wanaokimbia. Hamsini ina Mzee Mwinyi na kifaru mwenye mtoto. Mia mbili na mia tano zote zina Mzee Karume, ila nyuma moja ina simba na nyingine nyati. Akishawajua wanyama, mwoneshe mwaka, kisha mwambie atafute sarafu ileile ya mwaka mwingine. Kuanzia hapo kila chenji ya dukani au ya kwenye daladala itapita kwake kwanza, na hujatumia hata senti.

Sasa lifungueni kopo, na bibi awepo. Hili nasisitiza kuliko mengine yote. Bibi ataishika thumni (senti hamsini) ya sungura aseme ilinunua nini alipokuwa msichana, na hayo hayapo kwenye kitabu chochote. Yaandikeni pale pale kwenye daftari. Humo mtakuta familia ya 1966, mwaka Benki Kuu yetu ilipofungua milango: senti tano ya samaki, senti ishirini ya mbuni, thumni ya sungura, shilingi ya mwenge. Senti kumi ya pundamilia, yenye ukingo wa mawimbi, ilikuja baadaye, 1977. Mkiwa na sumaku, wekeni shilingi ya 1966 karibu na ya 1987. Ya kwanza haitikisiki kwa sababu ni shaba na nikeli. Ya pili inarukia sumaku kwa kuwa ndani ni chuma. Watoto wangu walizunguka nyumba nzima na ile sumaku, na maswali ya kwa nini serikali ibadilishe madini yakafuata yenyewe.

Ninazozipenda zaidi ni zile zenye tundu, senti tano na senti kumi za Mwingereza, zenye pembe za ndovu kila upande wa tundu. Chunguzeni kama ipo ya 1936. Nyingine za mwaka huo zina jina la Mfalme George V, aliyefariki Januari, na nyingine zina jina la Edward VIII, aliyemrithi na kuachia kiti Desemba mwaka uleule. Uingereza kwenyewe hawakuwahi kutoa sarafu zenye sura yake kwa matumizi ya wananchi. Huku kwetu, kwa kuwa katikati pana tundu, hapakuwa na sura ya kuchonga, jina tu, kwa hiyo zilitoka na wazee wetu wakanunulia chumvi. Kisha mpe kioo cha kukuzia atafute herufi ndogo H au KN. Hizo ni alama za viwanda vya Birmingham vilivyozipiga. Mtoto akiiona H kwa jicho lake mwenyewe, humtoi tena kwenye meza hiyo.

Kama anasoma chuoni, yaani madrasa, mtafutie pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, aliyekuwa sultani wa Zanzibar, ile yenye picha ya mizani. Mpwa wangu aliusoma mwenyewe mwaka ulioandikwa juu yake, ١٢٩٩, akanikimbilia kuniambia ni 1299. Nikamweleza kuwa ni mwaka wa Hijria, sawa na 1882 kwa hesabu ya Miladia. Shuleni alikuwa mzito wa historia, lakini Barghash hajamsahau.

Haya, bei. Sarafu nyingi zilizomo kwenye makopo ya bibi zetu zilipigwa kwa mamilioni, na thamani yake sokoni ni ndogo. Hata ile shilingi ya simba ya enzi za George V, ambayo watu husema ni fedha tupu, fedha ndani yake ni robo tu. Zipo adimu kweli, kama rupia 15 za dhahabu zenye tembo zilizopigwa na Wajerumani Tabora mwaka 1916 wakati wa vita, ila usitegemee kuikuta kwenye kopo la Blue Band. Ukipigiwa simu na mtu anayesema ana mnunuzi wa mamilioni wa rupia za Mjerumani, na wewe utangulize ada ya uthibitisho, kata. Jirani yangu aliitoa hiyo ada, na mnunuzi hakutokea.

Jambo moja la sheria. Mkienda kutembea kwenye magofu ya Kilwa au mengine ya pwani na mtoto akaona kisarafu mchangani, asikichukue. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Akiache palepale, mumwite mlinzi. Kijana wangu alinuna, lakini alielewa.

Kuhusu kutunza: msisugue kwa ndimu, majivu wala dawa ya meno. Sarafu ikishang'arishwa hivyo imeharibika, na rangi yake ya zamani hairudi. Zishikwe ukingoni, mikono ikiwa mikavu. Albamu za plastiki laini huacha utando wa kijani, hasa kwa joto na unyevu wa huku pwani. Bahasha ndogo za karatasi zinatosha, kila moja na nchi, mwaka na jina la aliyempa. Aandike yeye, hata kama mwandiko umepinda. Na kama ana mdogo wake ambaye bado anatia kila kitu mdomoni, kopo likae juu ya kabati, litolewe ukiwepo wewe.